Wimbo Huu ni wa Nani Kweli? Jinsi ya Kuhakiki Jina la Mtunzi, Hatua kwa Hatua

Kila unapokaribia msimu wa Pasaka na harusi, maswali yanayonijia ni yale yale. "Mwalimu, hii Ave Maria tuandike ni ya Caccini?" "Ile minueti ya Bach niliyofanyia mtihani wa piano, mbona kitabu kipya kimeandika Petzold?" Na wale wa jumuiya: "Waebrania aliandika Paulo au hakuandika?" Nimejibu kwa mdomo na kwa ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp hadi nimeona bora niyaweke yote mahali pamoja. Mwongozo huu ni wa mwalimu wa kwaya, mpiga kinanda, mwanafunzi wa muziki, na kila anayesoma maandishi ya kale akatamani kujua jina lililo juu ya kazi limefikaje pale.

Jambo moja ulishike tangu sasa. Jina lililo juu ya ukurasa ni ushahidi wa mtu. Kuna mtu aliliandika, siku fulani, kwa sababu fulani. Kazi yako yote ni kumtafuta huyo mtu.

Kabla ya kuanza, uwe na hivi

- Nakala kamili ya nota au maandishi, pamoja na ukurasa wa kwanza. Fotokopi nyingi zinazozunguka kwenye kwaya zetu zimekatwa kona ya juu kulia, na jina la mtunzi hukaa pale pale. Halafu anakuja mtu na kalamu ya bluu, anajaza jina analolidhani. Kama yako iko hivyo, tafuta nakala nyingine kwanza.
- Simu au kompyuta yenye bando. Kwa muziki kuna IMSLP, yenye nota za bure zilizopigwa skani, na RISM, orodha ya miswada ya muziki iliyomo kwenye maktaba za nchi nyingi. Kwa kazi za Bach ipo Bach Digital, ambako unaona hata picha za miswada yenyewe.
- Mwaka wa kuzaliwa na wa kufa wa mtunzi anayetajwa. Uandike juu kabisa ya ukurasa wa daftari.
- Daftari lenyewe. Usitegemee kumbukumbu, maana majina ya wanakili na wachapaji huchanganyika upesi.
- Muda. Kazi nyepesi huisha ndani ya nusu saa. Ngumu itakula jioni mbili au tatu.

Huhitaji kujua Kijerumani, Kilatini wala Kigiriki. Majina, miaka na namba vinasomeka kwa kila mtu.

Hatua ya 1: Andika dai kama lilivyo

Usiandike "wimbo wa Caccini". Andika: "Karatasi niliyopewa inasema ni wa Caccini. Haionyeshi mchapaji wala mwaka." Sentensi ya namna hiyo tayari inakuonyesha pengo liko wapi. Kama ni maandishi ya kale, andika pia ni toleo gani unalolisoma, kwa sababu kichwa cha habari kinaweza kuwa cha mhariri na kisiwemo kabisa kwenye maandishi ya awali.

Hatua ya 2: Tafuta namba ya katalogi na uisome vizuri

Watunzi wakubwa wana katalogi: BWV kwa Bach, K. kwa Mozart, Hob. kwa Haydn, RV kwa Vivaldi. Wengi wanaona namba wanaridhika. Angalia kilicho kati ya herufi na namba. Ukiona "Anh.", hicho ni kifupi cha neno la Kijerumani lenye maana ya nyongeza, na huko ndiko wataalamu huweka zilizopotea, zenye shaka, na zilizosingiziwa.

Minueti ile ya mtihani ni mfano mzuri. Namba yake ni BWV Anh. 114. Imo kwenye daftari la Anna Magdalena Bach, mke wa pili wa Johann Sebastian, lililoanzishwa mwaka 1725. Humo ndani Anna Magdalena alinakili vipande alivyovipenda, vya mumewe na vya watu wengine, na juu ya minueti hii hakuandika jina la mtunzi. Watu waliokuja baadaye waliona daftari ni la nyumba ya Bach, wakahitimisha kuwa kila kilichomo ni cha Bach. Katika miaka ya 1970 ikatambulika kuwa ni ya Christian Petzold, mpiga kinanda wa Dresden, Ujerumani, aliyefariki mwaka 1733. Daftari hilo hilo lina "Bist du bei mir", wimbo unaopendwa kwenye harusi na mazishi, ambao nao ni wa Gottfried Heinrich Stölzel.

Kwa maandishi ya kale, alama za kutazama ni mbili. Ya kwanza ni neno "Pseudo", yaani bandia, mbele ya jina, kama Pseudo-Dionisio. Ya pili ni jina la mwandishi kuwekwa ndani ya mabano ya mraba kwenye matoleo ya kitaalamu. Zote mbili zinakuambia mhariri haamini jina hilo.

*Angalizo:* kutokuwa na "Anh." si hati ya usafi. BWV 565, ile Tokata na Fuga maarufu kuliko zote za kinanda cha kanisani, iko kwenye orodha kuu na bado ina shaka. Tutairudia.

Hatua ya 3: Rudi hadi chanzo kikongwe kuliko vyote

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, kwa hiyo usiikimbize.

Jiulize: kazi hii ilionekana kwa mara ya kwanza lini, ikiwa na jina hili? Kisha toa mwaka wa kifo cha mtunzi kwenye mwaka huo. Hesabu ya darasa la nne, lakini imenisaidia kuliko vitabu vingi.

Tomaso Albinoni alifariki mwaka 1751. Adagio inayoitwa yake ilichapishwa mwaka 1958. Pengo ni miaka 207. Aliyeichapisha ni Remo Giazotto, msomi wa Kiitalia aliyekuwa ameandika kitabu juu ya Albinoni, na alisema aliijenga juu ya kipande cha muswada kutoka maktaba ya Dresden. Muswada huo wa awali haujapatikana. Tunachokishika mkononi ni kazi ya Giazotto.

Sasa hiyo Ave Maria. Giulio Caccini alifariki mwaka 1618. Wimbo huu uliingia duniani mwaka 1970, kwenye santuri ya Vladimir Vavilov, mpiga gitaa na luti (ala ya kale ya nyuzi) wa Urusi, aliyeutoa kama wimbo wa zamani usio na jina la mtunzi. Vavilov alifariki mwaka 1973, na jina la Caccini likabandikwa baada ya hapo. Pengo ni zaidi ya miaka 350. Chukua pia nota zako uangalie maneno: ni "Ave Maria" tu, yakirudiwa mwanzo hadi mwisho. Sala yenyewe haimo. Mtunzi wa enzi za Caccini aliyeandika kwa ajili ya ibada angewezaje kuiacha sala yote nje? Nimefundisha wimbo huu kwa kwaya tatu kabla sijajiuliza swali hilo, na bado naufundisha, kwa jina la mwenyewe.

Pengo likiwa dogo, usilegeze kamba. Likiwa kubwa, usikate tamaa pia, kwa sababu kazi halali nyingi za karne ya 18 zimebaki kwa nakala za wanafunzi tu. Unachotafuta ni mnyororo: nani alimnakili nani, nani alimrithi nani. Pale pete moja inapokosekana, weka alama nyekundu kwenye daftari.

Hatua ya 4: Uliza nani aliliweka jina, na lilimfaa nini

Wachapaji wa zamani walijua jina gani linauza. Mwaka 1777 mchapaji Bailleux wa Paris alitoa kwartet 6, yaani kazi za ala nne za nyuzi, kama Opus 3 (kazi namba 3) ya Joseph Haydn. Pleyel, aliyekuwa mwanafunzi wa Haydn, akaziingiza kwenye mkusanyiko wake, na ulimwengu ukaridhika. Humo mna ile "Serenade" ambayo kila anayejifunza violini huipitia. Mwaka 1964 watafiti Alan Tyson na H. C. Robbins Landon waliichunguza ile chapa ya Paris kwa karibu. Kwenye mabamba ya kuchapia ya kwartet mbili za kwanza kulikuwa na jina lililokwanguliwa, lakini alama zake zilibaki hafifu kwenye karatasi: Hoffstetter. Roman Hoffstetter alikuwa mtawa Mbenediktini wa Amorbach, Ujerumani, aliyempenda sana Haydn na kutunga kwa kumfuata.

Naipenda habari hii kwa sababu inakufundisha kutazama karatasi kabla ya kusikiliza sauti. Ukipata skani, kuza kichwa cha ukurasa hadi uone chembe za wino. Tafuta pafutwapo, pabandikwapo, na pale mwandiko unapobadilika.

Si kila jina bandia linatokana na fedha. Unico Wilhelm van Wassenaer, mtukufu wa Uholanzi, alitunga konseto 6 zilizochapishwa The Hague mwaka 1740 bila jina lake, kwa kuwa hakutaka lionekane. Nafasi ikiwa tupu, watu wakaijaza kwa jina la Pergolesi, mtunzi wa Kiitalia. Hata mtunzi Stravinsky alichukua sehemu ya mojawapo kwa ajili ya baleti yake *Pulcinella* akidhani ni ya Pergolesi. Ukweli ulijulikana mtafiti Albert Dunning alipoukuta muswada kwenye kasri la Twickel, Uholanzi, ukiwa na maelezo ya van Wassenaer mwenyewe. Naye Fritz Kreisler, mpiga violini, alipiga kwa miaka mingi vipande alivyosema ni vya mabwana wa kale, hadi mwaka 1935 alipokiri kuwa alivitunga yeye.

Hatua ya 5: Tenganisha mwandiko na utunzi

Hili ndilo kosa linalowanasa hata wenye elimu. Muswada kuwa kwa mkono wa mtu haumaanishi kuwa kazi ni yake.

Hesabu simfonia za Mozart: 35, 36, 38. Namba 37 iko wapi? Ilikuwepo. Muswada wake ulikuwa na sehemu kwa mwandiko wa Mozart kabisa. Mwaka 1907 ikafahamika kuwa simfonia yenyewe ni ya Michael Haydn, mdogo wake Joseph. Mozart alitunga utangulizi wa polepole tu, pale mwanzoni, mwaka 1783. Namba ikaachwa wazi hadi leo.

Kwa tenzi zetu za miswada ya hati za Kiarabu, hatari ni hiyo hiyo, na dawa ipo ndani ya tenzi zenyewe. Mwana Kupona binti Mshamu, katika beti za mwisho za utendi wake wa mwaka 1858, ametaja jina lake, Pate alikozaliwa, na mwaka wa Hijria 1275. Jina lililofungwa ndani ya vina haling'oki kirahisi kama lile la kichwani, maana ukilibadilisha ubeti unavunjika. Lakini mnakili naye ana desturi ya kuandika jina lake baada ya ubeti wa mwisho, nje ya mizani. Wanaoanza hulisoma hilo wakadhani ni la mtunzi. Hesabu mizani: kama mstari hauna mizani 8 ya utenzi, huenda anayesema ni mnakili.

Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yanahitaji uangalifu wa namna nyingine. Yalikusanywa baada ya yeye kufa, kutoka vinywani mwa watu, kwa juhudi za Mwalimu Sikujua na mmishenari W. E. Taylor, na diwani ikachapishwa mwaka 1940. Hapo kila shairi lisimame kwa ushahidi wake. Usilipitishe moja kwa sababu jirani yake limepita.

Hatua ya 6: Sasa ndiyo usome ndani

Nimeiweka hatua hii mwishoni kwa makusudi. Watu wengi huanza hapa: "Mimi Bach namjua, hii siyo yeye." Sikio lililokwisha kuambiwa jina husikia jina. Ukishakuwa na daftari lililojaa, sikio litakuwa na cha kushika.

Angalia kwanza maneno na mambo yasiyoendana na wakati. Kwa karne nyingi mapapa walikuwa na hati iliyosema Kaisari Konstantino, katika karne ya 4, aliwapa utawala wa Magharibi. Mwaka 1440 Lorenzo Valla aliisoma kama mwalimu wa lugha anavyosahihisha insha. Alikuta Kilatini kisicho cha enzi ya Konstantino, na "masatrapi", cheo cha Kiajemi, wakitajwa kama viongozi wa Roma. Hati ile ilitungwa miaka mamia baada ya Konstantino.

Halafu angalia mwandishi anajisemaje. Fungua Biblia yako. Warumi inaanza kwa "Paulo, mtumwa wa Kristo Yesu". Waebrania inaanza moja kwa moja na Mungu aliyesema zamani na baba zetu, bila jina, bila salamu. Nenda 2:3: mwandishi anasema wokovu ulithibitishwa kwetu na wale waliosikia, yaani anajihesabu kuwa aliupokea kwa wengine. Kisha nenda Wagalatia 1:12, ambako Paulo anakataa kwa nguvu kuwa aliipokea injili kwa mwanadamu. Upande wa pili wa mizani, andika kwamba papiri iitwayo P46, ya mnamo mwaka 200, inauweka waraka huu kati ya nyaraka za Paulo, mara baada ya Warumi. Tertuliano, mwandishi wa Kanisa la kale, alisema ni wa Barnaba. Origeni, msomi mwingine wa Kanisa la kale aliyeusoma kwa Kigiriki kama lugha yake, alisema aliyeuandika Mungu ndiye ajuaye kweli. Kanisa limeusoma muda wote huo, na wewe unaweza kuusoma Jumapili hii na kusema hayo yote bila kumkosea mtu.

Mwisho ndiyo mtindo. Turudi BWV 565. Hakuna muswada wa Bach mwenyewe. Chanzo kikongwe ni nakala ya Johannes Ringk. Keti kwenye kinanda upige mwanzo wake: mikono miwili inakimbia kwa sauti zile zile, oktava juu ya oktava. Mtafiti Peter Williams, mwaka 1981, alihoji mambo kama hayo, akauliza kama haikuwa kazi ya violini peke yake iliyohamishiwa kinanda, na kama ni ya Bach kweli. Wengine, akiwemo Christoph Wolff, wanajibu kuwa ni Bach kijana aliyekuwa bado anajaribu. Mimi nimeipiga mara nyingi na naegemea kwa Wolff, lakini kwenye programu siandiki ninakoegemea.

*Angalizo:* mtindo unaweza kukataa vizuri kuliko unavyoweza kuthibitisha. Galen, tabibu wa Roma ya karne ya 2, anasimulia jinsi kitabu chenye jina lake kilivyokuwa kikiuzwa kwenye mtaa wa wauza vitabu. Msomi mmoja alisoma mistari miwili ya kwanza tu, akakitupilia mbali: hii si lugha ya Galen. Mistari miwili ilitosha kusema siyo. Kusema ni ya nani kungehitaji zaidi.

Hatua ya 7: Andika hukumu yako kwa daraja

Tumia daraja 4 tu: *ni ya*, *inanasibishwa kwa*, *iliwahi kunasibishwa kwa*, na *mtunzi hajulikani*. Kwenye programu ya tamasha naandika hivi:

- Ave Maria. Vladimir Vavilov (1925–1973). Hujulikana kwa jina la Caccini.
- Adagio. Remo Giazotto, 1958. Hujulikana kwa jina la Albinoni.
- Minueti, BWV Anh. 114. Christian Petzold. Kutoka daftari la Anna Magdalena Bach, 1725.
- Tokata na Fuga, BWV 565. Inanasibishwa kwa J. S. Bach.
- Maandamano ya harusi kwa tarumbeta. Jeremiah Clarke. Iliwahi kunasibishwa kwa Purcell.

Jina la zamani usilifute. Bibi harusi aliyeomba "ile ya Albinoni" alitafute alikute.

Ukikwama

*Vitabu viwili vinapingana.* Angalia mwaka wa kuchapishwa. Kitabu cha piano cha mwaka 1960 hakingeweza kumjua Petzold. Vikiwa vya wakati mmoja, fuata kile kinachotaja muswada.

*Sipati namba yoyote ya katalogi.* Ingia RISM utafute kwa mwanzo wa wimbo, yaani nota chache za kwanza, badala ya jina. Muziki ule ule ukitokea chini ya majina matatu, umepata jibu la kwa nini watu wanabishana.

*YouTube nzima inasema ni ya Caccini.* Video 1,000 zilizonakili kichwa kimoja ni shahidi mmoja. Hesabu vyanzo vinavyojitegemea tu.

*Kiongozi wa kwaya hataki nibadilishe.* Mpe mistari miwili: mwaka wa kifo cha mtunzi na mwaka wa kutokea kwa wimbo. Usianze na mtindo, mtabishana hadi mazoezi yaishe.

*Tunataka kurekodi.* Hapa jina linagusa mfuko. Albinoni amekufa zamani, hana hakimiliki. Giazotto alifariki mwaka 1998 na haki za kazi yake bado ziko hai. Uliza ruhusa kabla ya kuingia studio, kwa sababu wenye haki hawatakubali udhuru kwamba fotokopi yenu iliandika Albinoni.

*Nimepata muswada wa familia, karatasi zimechakaa.* Usibandike selotepu na usiandike chochote juu yake, hata kwa penseli. Piga picha kila ukurasa mchana, karibu na dirisha, pamoja na pembe na kurasa tupu za mwisho. Kisha shika karatasi moja mbele ya mwanga uone kama ina alama ya maji ya mtengenezaji. Ikiwepo, ichore daftarini kabla ya kumuuliza mtu yeyote ni utenzi wa nani.